Daktari wa mifugo na wanyama wa maabara: jibu kwa msomaji wa Usagara

Swali: Shikamoo Daktari. Mimi ni daktari wa mifugo, nina miaka minne tangu nimalize Sokoine. Nahudumia ng'ombe wa wafugaji huku Usagara na Misungwi, na nina duka dogo la dawa. Kuna chuo kikuu kimoja Kanda ya Ziwa kimetangaza nafasi ya daktari wa kusimamia wanyama wa maabara. Baba anasema nitakuwa nimesomea udaktari ili nikalishe panya. Kinachonisumbua mimi ni kingine: nilisoma ili nitibu wanyama, na kule wanyama wanauawa kwa makusudi. Niombe au niache? Na pumu niliyo nayo tangu utotoni, je, ni kikwazo?

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na umefanya vizuri kuuliza kabla ya kuomba.

Nianze na mzee. Mwambie, kwa heshima zote, kwamba wa kulisha panya ameshaajiriwa. Mara nyingi ni kijana mwenye astashahada au stashahada ya afya ya mifugo, kutoka chuo kama LITA Mabuki, hapo hapo wilayani kwenu. Wewe utaajiriwa kwa ajili ya siku ambayo yule panya amekataa kula.

Siku hiyo ndipo utakapoona kama udaktari umeuacha au umeufuata. Ng'ombe wako wa kilo 250 ana uzito wa panya mdogo mweupe wa gramu 25 mara 10,000. Damu yote iliyomo mwilini mwa panya huyo ni kama mililita 2. Mwanafunzi wa uzamili atakuletea andiko la utafiti linalosema atachukua nusu mililita kila wiki kutoka kwa panya yule yule, na kwake nusu mililita ni kitu kidogo, kiko chini kabisa kwenye bomba la sindano. Wewe utapiga hesabu na kuona kwamba ameomba robo ya damu ya mnyama kila baada ya siku saba. Kiasi kinachokubalika kwa kawaida hakizidi sehemu moja ya kumi, yaani mililita 0.2, halafu mnyama anaachwa wiki mbili au zaidi arudishe damu yake. Hutamfukuza mwanafunzi. Utakaa naye mtafute kipimo kinachohitaji damu kidogo zaidi, au siku chache zaidi za kuchukua, kwa sababu panya aliyeishiwa damu atampa majibu ya upungufu wa damu, wala hatampa majibu ya dawa anayoichunguza.

Au mchukue simbilisi. Penisilini uliyonayo dukani, inayookoa ndama na mbuzi kila siku, ukimpa simbilisi inawafagia bakteria wazuri wa utumbo wake, wabaya wanatawala, na baada ya siku chache anaharisha na kufa. Simbilisi huyo huyo hawezi kujitengenezea vitamini C, jambo ambalo sungura na panya wanaliweza. Ukimlisha chakula cha sungura peke yake, baada ya muda usio mrefu viungo vinamuuma, hataki kuguswa, anakonda, na mtafiti asiyejua ataandika kwamba hayo ni madhara ya dawa anayoijaribu. Mchicha mbichi na pilipili hoho za sokoni zingetosha kuzuia aibu hiyo.

Panya hawezi kutapika, kwa hiyo ile kanuni ya kumnyima mnyama chakula usiku kucha kabla ya nusukaputi haimhusu. Ukimlaza na njaa unampunguzia sukari na joto tu. Akishalala kwa ketamini na zailazini, macho yanabaki wazi yakikauka usipoyapaka mafuta ya macho, na kamwili kale kadogo kanapoteza joto kwa kasi. Anaweza kufa kwa baridi ndani ya chumba ambacho wewe unatokwa jasho. Chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kitambaa, ikiwekwa chini yake na kuangaliwa isije ikamuunguza, inaokoa maisha pale ambapo mashine ya kupashia joto haijanunuliwa.

Mengi ya haya hayachukui nafasi kubwa katika miaka mitano ya shahada yetu, na silaumu, maana nchi hii inahitaji kwanza madaktari wa ng'ombe, mbuzi na kuku. Ila usimwache mzee aamini kwamba ni kazi ya kushuka daraja.

Nikuonyeshe asubuhi ya kazi hii ilivyo, kwa kuwa ndiyo sehemu ninayoipenda na ndiyo inayorukwa zaidi na watu wenye haraka. Ukifungua mlango wa chumba cha panya, kwanza nusa. Harufu kali ya mkojo inayowasha macho ina maana kwamba wao, wanaolala sentimita chache juu ya maranda yale, wamekuwa wakiivuta usiku mzima. Kisha simama. Usiguse kizimba. Panya ni mnyama anayeliwa na bundi, nyoka na paka, kwa hiyo kuficha ugonjwa ni kinga yake. Ukiingia kwa kishindo wataamka wote, watatembea, nawe utaandika "wazima" kwenye rejista. Ukitulia kidogo utamwona yule aliyejitenga pembeni, mgongo umepinda, manyoya yamesimama kwa kuwa ameacha kujilamba. Tazama uso wake: macho yamebanwa nusu, masikio yamevutwa nyuma, pua na mashavu vimetuna, sharubu zimekakamaa. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada, na wenzao walichapisha njia ya kupima maumivu ya panya kwa kuzipa alama sehemu hizo za uso, na leo inatumika sehemu nyingi duniani. Haihitaji mashine. Inahitaji mtu aliyekubali kusimama na kutazama.

Angalia na kiota. Panya mzima ukimpa karatasi laini jioni, asubuhi unakuta ameichana na kujijengea kiota cha mviringo. Ukiikuta karatasi ilivyowekwa, kuna jambo.

Hata kumshika ni taaluma. Wengi wetu tulifundishwa kumnyanyua kwa mkia. Mwaka huo huo wa 2010, watafiti wa Liverpool, Uingereza, walionyesha kwamba panya wanaonyanyuliwa kwa mkia wanakuwa na hofu kubwa kuliko wanaoachwa waingie wenyewe kwenye bomba fupi au wanaobebwa juu ya viganja. Kipande cha bomba la plastiki la maji, lile la duka la vifaa vya ujenzi, ukikate urefu wa kiganja na kulainisha kingo, ukiweke ndani ya kizimba wakizoee. Siku ya kuwahamisha wanaingia humo wenyewe, unainua bomba, unawahamisha, hakuna anayekojoa kwa woga. Ukiweza kuwashawishi wahudumu wako wabadili hili moja tu, umewapunguzia hofu wanyama wote wa chumba kwa gharama ndogo mno.

Chakula ndicho kitakachokuumiza kichwa hapa kwetu kuliko ugonjwa wowote. Chakula maalumu cha wanyama wa maabara kutoka nje ni ghali, kwa hiyo mahali pengi watu wanachanganyiwa na wale wale wanaosaga chakula cha kuku: mahindi, pumba, dagaa, mashudu. Sasa sisi tuko kwenye nchi ya pamba, na mashudu ya pamba ni rahisi kupatikana. Ng'ombe aliyekomaa anayala bila shida kubwa kwa sababu tumbo lake la kwanza linaipunguza makali sumu iliyomo, gosipoli. Panya na sungura hawana tumbo la namna hiyo, na gosipoli inajulikana pia kwa kudhoofisha uzazi wa madume. Kisha kuna sumukuvu, inayotokana na fangasi wa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na inashambulia ini. Fikiria mtafiti anayetaka kujua kama dawa fulani ya miti shamba inadhuru ini, na panya wake wamekula sumukuvu tangu walipoachishwa kunyonya. Wanyama wale wameteseka na kufa, na jibu alilolipata halimsaidii mtu. Kwa hiyo utauliza mahindi yametoka wapi, yamesagwa lini, utataka kila mzigo upimwe, utakataa gunia lenye harufu ya uvundo hata kama mhasibu ameshalipa. Watu wataona unasumbua. Sumbua.

Maranda nayo yaulizie. Yanayotoka kwa seremala yanaweza kuwa ya mbao zilizopakwa dawa ya mchwa, na hata mbao safi za misonobari, zisipokaushwa kwa joto, zina kemikali zinazochezea vimeng'enya vya ini. Kumtembelea fundi na kuona mbao anazopiga randa ni sehemu ya kazi yako.

Halafu joto. Mwongozo wa Marekani unaofuatwa na wengi duniani, ambao toleo lake la nane lilitoka mwaka 2011, unapendekeza nyuzi 20 hadi 26 za Selsiasi kwa panya na simbilisi, na 16 hadi 22 kwa sungura. Mchana wa Mwanza unaivuka mipaka hiyo bila taabu, na sungura ndiye anayeumia wa kwanza. Umeme ukikatika mchana wa Jumapili, swali la kwanza ni nani mwenye ufunguo wa jenereta na kama kuna mafuta. Majengo yaliyofunguliwa upande wa upepo wa ziwa, yenye nyavu nzito za kuzuia panya wa porini na mbu, yanavumilia zaidi kuliko yaliyofungwa na kutegemea kiyoyozi kimoja. Miguu ya rafu isimame ndani ya vikopo vya mafuta, maana siafu wakiingia usiku kwenye vizimba, mnyama hana pa kukimbilia.

Na usidhani ni panya na sungura tu. Ukanda wetu una wanasayansi wa samaki. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi, wana kituo Mwanza, na tangu miaka ya 1970 furu wa Ghuba ya Mwanza wamewaleta hapa watafiti kutoka Uholanzi na kwingineko, kwanza kwa wingi wa aina zake, baadaye kwa namna aina nyingi zilivyotoweka sangara alipoenea. Mahali watu wanapofuga sato kwa majaribio, utakuta wanaamini samaki haumwi. Samaki ana uti wa mgongo na neva za kuhisi jeraha, na siku hizi miongozo mikubwa ya utafiti inamhesabu pamoja na wanyama wengine wenye uti wa mgongo. Kumkata pezi akiwa macho hakuna utetezi, hasa kwa nchi yenye karafuu: mafuta ya karafuu yakiyeyushwa kwanza kwenye spiriti kisha yakatiwa majini kwa kipimo kidogo, yanamlaza samaki vizuri, na akirudishwa kwenye maji safi yenye hewa ya kutosha anaamka. Hili utalifundisha wewe.

Sasa tuje kwenye lako mwenyewe.

Ndiyo, wanauawa. Wengi wa panya wanaoingia kwenye utafiti hawatoki wakiwa hai, kwa kuwa majibu yanatafutwa ndani ya maini, mapafu na ubongo wao. Kama unaamini kwa dhati kwamba hilo halifai kwa sababu yoyote ile, usiombe nafasi hii, na mtu asikuambie una moyo mwepesi. Ni msimamo wenye heshima yake, na chuo hakitafaidika na daktari anayelia kila Ijumaa.

Ila nikuambie kwa nini mimi nimebaki. Katika jengo lile kila mtu ana chake. Mwanafunzi anataka shahada, profesa anataka matokeo, mfadhili anataka ripoti, chuo kinataka jina. Asiyekuwapo na lake halipo, na panya hawezi kuhudhuria kikao. Wewe ndiye unayelipwa kuhudhuria kwa ajili yake. Utafiti ungefanyika hata kama mimi na wewe tungekaa nyumbani, na wanyama wangekuwa mikononi mwa watu wenye nia njema lakini wasiojua kwamba macho yaliyobanwa ni maumivu.

Chukua kichocho, ugonjwa wetu wa ziwani, unaowasumbua wavuvi na watoto wa visiwa kama Ukerewe na Kome. Mdudu wake anaishi nusu ya maisha kwenye konokono na nusu nyingine ndani ya damu ya mamalia. Maabara inayotaka kuwa na minyoo hai ya kichocho cha tumbo ili kujaribu dawa mpya, kwa kawaida inaambukiza panya. Andiko likifika kwenye kamati ya maadili, wewe unalisoma ukiwa na kanuni tatu walizoandika Waingereza wawili, William Russell na Rex Burch, mwaka 1959: kama mnyama anaweza kuepukwa, aepukwe, kama idadi inaweza kupungua, ipungue, na kwa wale watakaobaki, mateso yapunguzwe kadiri inavyowezekana. Basi unauliza. Kazi hii haiwezi kuanza na viluwiluwi vinavyotoka kwa konokono, kwenye kisahani, ili dawa zisizofaa zitupwe kabla ya kumgusa panya? Idadi ya panya imepatikana kwa hesabu ya takwimu, au kuna mtu amependa tu namba? Kila panya ataambukizwa viluwiluwi vingapi? Hapo ndipo penye uzito, maana vingi mno vinamfanya augue vibaya mapema, na vichache vinatosha kuleta minyoo inayohitajika. Mayai huanza kuonekana kwenye kinyesi baada ya wiki kama sita, ini na bandama vinavimba. Kwa hiyo siku ya mwisho ya panya huyo ipangwe kabla ya ugonjwa kumzidi.

Na andiko litaje kikomo. Kikomo kinachotumika sana ni kupoteza asilimia 20 ya uzito: panya akifika hapo anauawa bila mateso siku hiyo hiyo, utafiti uwe umekamilika au haujakamilika. Nimewahi kusimama mbele ya mtafiti ninayemheshimu sana, sampuli zake zikiwa zimebakiza siku chache, na kumwambia hawa wauawe leo, wasiteseke usiku mwingine. Alikasirika. Sikuwa na furaha kumkasirisha. Lakini panya wale walikuwa hawajengi viota tena, na hakuna mtu mwingine ndani ya jengo aliyekuwa na mamlaka ya kusema imetosha.

Mamlaka hayo hayakutoka hewani. Uingereza ilitunga sheria ya kwanza ya majaribio ya wanyama mwaka 1876, na ile ya 1986 ikaweka utaratibu wa kila jengo la utafiti kuwa na daktari wa wanyama anayetajwa kwa jina. Marekani walisukumwa na mbwa mmoja aliyeitwa Pepper, aliyeibwa kwa familia moja mwaka 1965 na kufia kwenye maabara ya hospitali New York. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria ya ustawi wa wanyama. Hata hivyo panya wanaozalishwa kwa ajili ya utafiti hawamo ndani ya sheria hiyo mpaka leo. Wanalindwa kwa taratibu nyingine, hasa pale pesa za utafiti zinapotoka serikalini. Sisi tuna Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, inayokutaka usajiliwe na Baraza la Veterinari, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Zisome zote mbili kabla ya usaili. Ni watu wachache sana watakaokaa mbele yako wakiwa wamezisoma.

Kuna mnyama mwingine ambaye watu humsahau, yule wa kufundishia. Darasa zima la wanafunzi linajifunza kutoa damu kwa sungura mmoja, au kushona kidonda juu ya mnyama aliyelazwa. Hapa unaweza kuokoa wengi bila kumnyima mtu elimu. Miguu ya nguruwe na utumbo wa ng'ombe kutoka machinjioni vinafundisha mishono yote ya msingi, na mwanafunzi anaweza kukosea, kufumua na kurudia bila kumtesa yeyote. Atakapomgusa mnyama hai, mikono imeshatulia.

Kuhusu kuua kwenyewe: utajifunza njia zinazokubalika na zipi hazikubaliki, gesi iingizwe polepole na si kumtupa mnyama kwenye chombo kilichokwisha kujaa, na kuhakikisha amekufa kabla ya kumweka pembeni. Lakini nakuomba uweke sheria moja ambayo hutaikuta kwenye miongozo mingi: mhudumu aliyemlea mnyama asilazimishwe kumuua. Wale vijana wanawajua wanyama wao, wengine wanawapa majina kimyakimya. Watu wa kazi hii wanachoka moyo, na uchovu huo unaonekana kwa wanyama kabla haujaonekana kwa mtu: vizimba vinachelewa kubadilishwa, mkono unakuwa mzito. Waulize hali zao. Wewe ndiye bosi wao wa karibu.

Kama moyo wako unaelekea kuomba, basi siku ya usaili usianze na mshahara. Utakuwa wa ngazi za kawaida, na kwa hela ya haraka duka lako na chanjo za ng'ombe vinaweza kulipa zaidi. Hilo ulijue mapema. Uliza kwanza: daktari akisema mnyama huyu auawe leo au jaribio hili lisimame, nani anaweza kulitengua neno lake? Wakikujibu kwamba ni mwenye utafiti, jua kwamba wanamtafuta mlisha panya kweli, na mzee atakuwa amesema sahihi. Uliza utaripoti kwa nani. Ukiripoti kwa mkuu wa idara ambaye wanyama wengi ni wa majaribio yake, utapata taabu. Afadhali kwa mkuu wa chuo au naibu wake anayeshughulikia utafiti. Omba kuona mihtasari ya vikao vya kamati ya maadili. Kamati isiyowahi kurudisha andiko hata moja haisomi. Uliza kabati la dawa za usingizi na maumivu lina ufunguo wa nani, na fungu la chakula liko kwenye bajeti au linaombwa kila mwezi. Uliza nani anaingia zamu Krismasi na Idd, maana wanyama wanakula kila siku. Na uombe kutembezwa bandani. Wakisita, umeshapata jibu.

Ukiingia, anza kujisomea mara moja. Wenzetu Marekani wana ubingwa kamili wa fani hii, wenye miaka ya mafunzo baada ya shahada ya udaktari na mtihani mgumu. Ulaya kuna shirikisho la FELASA linaloidhinisha kozi za sayansi ya wanyama wa maabara, na baadhi sehemu yake inasomwa kwa mtandao. Nairobi, Makerere na Pretoria kuna shule za veterinari zenye watu wa kukushika mkono. Uzamili utauhitaji, lakini nenda ukiwa umeshakaa bandani mwaka mmoja au miwili, ili ujue unakwenda kuuliza nini.

Nimalizie na pumu, na hili usilichukulie kirahisi hata kidogo. Protini za kwenye mkojo wa panya, na zile za mate na manyoya ya sungura na simbilisi, hukauka na kuruka hewani pamoja na vumbi la maranda. Wengi wanaopata mzio wa wanyama wa maabara huanza ndani ya miaka mitatu ya mwanzo: mafua yasiyoisha, macho kuwasha, vipele mikononi, kisha baadhi yao kifua kubana. Mwenye pumu akishaupata anaumia zaidi ya wengine. Kwa hiyo kabla hujasaini chochote, nenda hospitali ya Bugando ukaonane na daktari wa kifua, upimwe nguvu ya mapafu, na majibu hayo yahifadhiwe kama kipimo chako cha kuanzia. Mweleze kazi unayoitaka, kwa maneno haya haya.

Akisema pumu yako imedhibitiwa, unaweza kufanya kazi hii kwa masharti. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Dai ile inayobana uso, ya aina ya N95. Kazi ya kumwaga maranda machafu ndiyo inayorusha vumbi zaidi, ifanyike ukiwa nje ya chumba. Joho la bandani lisije nyumbani. Ukianza kukohoa usiku baada ya zamu, toa taarifa wiki hiyo hiyo, kwa sababu mzio huu ukiendelea kuuvuta unazidi kuwa mgumu kurudi nyuma. Akisema haijadhibitiwa, usiingie kwenye vyumba vya panya kwa sasa. Uliza kama chuo kinaweza kukupa upande wa samaki na ukaguzi wa maandiko ya utafiti, ambako kauli yako ni ile ile. Na kwa kuwa tarehe ya mwisho ya tangazo haitakusubiri, tuma maombi wiki hii huku ukisubiri majibu ya hospitali.